Nyasi Kavu kutoka Muhoroni

Kaloleni, Kisumu
9 Machi 1971

Mume wangu Laban,

Mimi ni mzima, na natumaini wewe pia. Mashine ya kushonea bado inakata uzi, mgongo bado unauma, na mvua imeanza kunyemelea kutoka upande wa ziwa. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Nakuandikia kwa ajili ya Majivu. Usicheke. Wiki iliyopita nilimkatia nyasi za kando ya barabara ya stesheni. Zilikuwa zimelowa, na jioni tumbo lake likavimba, likawa gumu kama ngoma. Akajikunyata kwenye kona ya kizimba, hali, hanywi, anasaga meno tu. Nilimbeba kwa kikapu hadi ofisi ya mifugo. Bwana Wepukhulu akamshika tumbo, akaniuliza, "Mama, huyu unamlisha nini?" Nilipomwambia, akatikisa kichwa. Anasema sungura si mbuzi. Chakula chake cha kila siku ni nyasi kavu, zilizokatwa zikiwa bado nzuri na kuanikwa vizuri. Kwanza ni kwa ajili ya tumbo. Pili ni kwa ajili ya meno, maana meno ya sungura hayaachi kukua, na akikosa kitu cha kusaga yatamzidi hata ashindwe kula. Na hizi nyasi za mjini nisiziguse tena. Mbwa wanazikojolea, na watu wa mji wanamwaga dawa ya mbu kwenye mitaro.

Sasa nyasi kavu nitazitoa wapi hapa Kisumu? Sokoni kuna mabua ya mpunga kutoka Ahero, lakini Bwana Wepukhulu anasema hayo ni ya kulalia. Wewe uko Muhoroni, una mashamba mbele na nyuma. Nitafutie gunia moja. Majani ya miwa usiweke, yatamkata mdomo.

Wewe mwenyewe ndiye uliyemleta kutoka maonyesho ya kilimo, ndani ya boksi la biskuti, mwezi ule tulipotoka kumzika Elsie. Ulisema nyumba isikae kimya. Basi nisaidie kumlisha.

Krismasi ulikaa siku mbili. Pasaka utakuja?

Mkeo,
Kageha


Muhoroni
22 Machi 1971

Mke wangu mpenzi,

Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa furaha. Mimi sijambo kwa neema ya Mungu, ila kazi ni nyingi mno. Matrekta yanaharibika kila siku, na fundi nikiondoka kidogo tu msimamizi anauliza niko wapi. Nalala nimechoka, naamka nimechoka.

Gunia la nyasi nimelikabidhi Badru, yule gadi wa treni. Utalikuta stesheni. Nimekata mwenyewe kwa mikono yangu nyuma ya karakana. Mwambie Majivu ale ashibe.

Pasaka nitajitahidi.

Mumeo,
Laban Wakoli


Kaloleni, Kisumu
2 Aprili 1971

Mume wangu Laban,

Asante kwa gunia. Badru alilihifadhi vizuri. Naona haya kukuambia kwamba Majivu alinusa mara moja akageuka.

Nisikilize bila kukasirika. Nyasi zako zilikuwa zimezeeka. Mbegu zimeshapukutika, mashina magumu kama vijiti vya ufagio, rangi ya manjano ya kufa. Ndani nimetoa miiba, majani ya miwa, na kitambaa chenye mafuta ya trekta. Chini kabisa zilikuwa mbichi.

Bwana Wepukhulu amenieleza, nami nakueleza wewe. Tafuta ile nyasi nyembamba yenye majani mengi, wanayoiita ya Rhodes, inayopandwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Ikate inapoanza kuchanua, kabla haijatoa mbegu. Ngoja umande upae kwanza. Itandaze mahali penye upepo, uigeuze, na jua likiwa kali uiingize kivulini ili rangi ya kijani isiondoke. Ukiishika na ikavunjika kwa mlio, imekuwa. Ikijikunja bila kuvunjika, bado. Na uinuse. Nyasi nzuri inanukia kama majani ya chai kopo linapofunguliwa. Ikinukia kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni, itupe.

Upande wangu nimeandaa mahali pa kuiweka. Nimepanga matofali kwenye kona isiyopakana na jiko, nikaweka mbao juu yake, ili gunia lisiguse sakafu. Mafuta ya taa nimeyahamishia nje. Zeituni, yule jirani mshona kofia, alinikuta nikipiga magoti na tofali mkononi. Akaniuliza, "Mama Elsie, mgeni gani huyo anayejengewa kitanda?"

Tangu tuzike ni yeye peke yake anayeniita hivyo. Wengine wameacha.

Pasaka ni juma lijalo. Nimenunua unga.

Mkeo,
Kageha


Muhoroni
27 Aprili 1971

Mke wangu mpenzi,

Usinilaumu kwa Pasaka. Trekta mbili zilikwama shambani na sikuruhusiwa kuondoka. Nilikula ugali wa karakana siku ya Ufufuo, nikikufikiria.

Nimefuata maneno yako yote kuhusu nyasi. Gunia linakuja na Badru. Tazama mwenyewe.

Mumeo,
Laban Wakoli


Kaloleni, Kisumu
6 Mei 1971

Laban wangu,

Sijui nianzie wapi.

Nilifungua gunia hapo hapo stesheni, maana sikuamini uzito wake. Harufu iliyotoka! Mchukuzi aliyekuwa karibu aliniuliza kama ni dawa. Nyasi ni za kijani, laini, majani hayajapukutika, na zimefungwa matita madogo, kila moja kadiri ya kushibisha sungura kwa siku, kwa kamba iliyosukwa kwa nyasi zenyewe. Hakuna mwiba hata mmoja. Majivu alichomoa unyasi mmoja, akautafuna kuanzia ncha hadi mwisho, akachomoa mwingine. Nilikaa chini nikamtazama hadi chai ikapoa.

Umejifunza lini kusuka kamba hivi? Mikono yako hii ya spana?

Laban, nilifikiri umechoka na sisi. Nilifikiri nyumba hii ya Kaloleni umeiona kama kaburi, na ndiyo maana huji. Nilipoona matita yale nililia kidogo, lakini si kwa ubaya. Mtu hawezi kufanya kazi ya namna hiyo kwa kitu asichokijali.

Mwezi wa Juni kazi ya sare za shule inapungua. Nitakuja Muhoroni nikukalie wiki moja, nikupikie. Hata kama ni chumba kidogo. Niambie tu siku.

Wako,
Kageha


Muhoroni
17 Mei 1971

Mpenzi Kageha,

Nimefurahi kwamba nyasi zimefaa. Kusuka kamba kuna mzee mmoja hapa alinionyesha.

Kuhusu kuja, ngoja kwanza. Tunalala mafundi wanne katika chumba kimoja, si mahali pa mke wa mtu. Mimi ndiye nitakuja, Julai. Nyasi nitaendelea kuleta, usijali.

Mumeo,
Laban


Muhoroni
26 Juni 1971

Kwako wifi yangu Kageha,

Utashangaa kupata barua ya mtu usiyemjua. Mimi naitwa Rosa, binti ya Mzee Obiero wa Awasi. Anwani yako nimeinakili kwenye kile kikaratasi ambacho Laban anakifunga kwenye gunia.

Kwanza la haraka. Nyasi zilizopanda treni juzi usimpe sungura! Mimi nilikuwa kliniki, na Laban aliona treni itamwacha, akazishindilia ndani ya gunia. Zilikuwa zimeanikwa siku moja tu. Nyasi kama hizo ukizibana zinapata joto zenyewe, halafu zinaota ukungu mweupe kama vumbi la unga. Tia mkono katikati utaona. Kama alishakula, mpe maji mengi na umwangalie. Niliporudi nikakuta uwanja mtupu nilimgombeza sana ndugu yako. Alisema, "Ni sungura tu." Nikamwambia ni sungura wa dada yako.

La pili ni kukusalimu. Tangu mvua zianze ni mimi ninayekukatia. Gunia lile la kwanza alikata yeye, na nilipoliona likiondoka niliona aibu kwa niaba yake. Sisi nyumbani Awasi tulikua na ng'ombe, na mama alitufundisha kuanika nyasi juu ya vichanja wakati wa masika, unawasha moto mdogo chini kidogo ili upepo upite ukiwa mkavu, lakini moshi usiguse. Kwa hiyo kazi hii siioni nzito. Nikisuka zile kamba huwa nakufikiria.

Laban ameniambia habari zako. Kwamba wewe ni dada yake mkubwa, ndugu pekee aliyebaki baada ya wazazi, na kwamba ulifiwa na mtoto, na sungura ndiye faraja yako. Ndiyo maana alinikataza kukuandikia. Mimi ni mjamzito, wifi, miezi saba sasa, na anasema habari hiyo itakuumiza. Nisamehe kama imekuumiza. Lakini nimeona si heshima mtoto azaliwe bila shangazi yake kujua.

Na kuna jambo nakuomba. Baba yangu amekataa kusikia neno la Laban. Anasema hatampa binti yake mtu aliyekuja kama upepo, bila ndugu hata mmoja wa kusimama naye. Wewe ukija Awasi ukasema, "Huyu ni wetu, tunamjua," mambo yote yatatulia. Hata kwa siku moja. Nitakupikia samaki.

Kwetu wifi tungemwita yuora. Wewe utaniambia unapenda nikuite vipi.

Ndimi wifi yako,
Rosa


Kaloleni, Kisumu
5 Julai 1971

Rosa,

Barua yako imefika. Nilikuwa nimeshaanza kumpa zile nyasi. Alipiga chafya siku nzima na mimi nikafikiri ni baridi ya ziwa. Nilipotia mkono katikati ya gunia nilikuta joto kama la mkate uliotoka jikoni. Nimezitoa zote nikazichoma. Amepata nafuu. Umemwokoa, na nakushukuru kwa hilo.

Nakushukuru pia kwa zile za mwanzo. Sikujua ni za nani.

Kuhusu Awasi nipe muda. Nina kazi nyingi na mwili hauna nguvu. Niambie, wewe na Laban mlijuana lini? Na huyo mtoto wangu aliyekufa, Laban amewahi kukutajia jina lake?

Kula mayai ukiyapata. Usiinue magunia.

Kageha


Kaloleni, Kisumu
5 Julai 1971

Laban,

Nyasi za safari hii zilikuwa na joto katikati. Nusura zimuue.

Nakuuliza jambo moja, na jibu lolote utakalonipa nitalipokea, mradi liwe la kweli. Ni nani anayekata nyasi?

Kageha


Muhoroni
14 Julai 1971

Mke wangu,

Swali gani hilo? Nani mwingine kama si mimi? Siku ile nilikuwa na haraka, basi. Mtu anafanya kazi kutwa, anainama kukata nyasi, halafu anahojiwa kama yuko kortini.

Kama huyo sungura amekuwa mzigo, mpe Zeituni amchinje mtulie. Julai sitaweza kuja. Labda Septemba.

Laban


Muhoroni
21 Julai 1971

Kwako wifi,

Nimefurahi uliponijibu, hata kama barua ilikuwa fupi. Nimeiweka chini ya mto.

Umeuliza tulijuana lini. Ilikuwa mwaka jana, wakati wa mavuno ya miwa, mimi nilikuwa nauza uji nje ya karakana. Alikuja siku nyingi, anakunywa, anarudisha kikombe. Siku moja akaniambia, "Wewe unaimba ukifanya kazi. Nilikuwa nimesahau kwamba watu wanaimba." Ndipo tukaanza kuongea. Tunakaa pamoja tangu Januari, katika nyumba ndogo karibu na reli. Kuna uwanja nyuma, ndipo ninapoanikia.

Jina la mtoto wako hajanitajia. Niliuliza mara moja akatoka nje akakaa mpaka chakula kikapoa. Anampenda mpwa wake mpaka leo, naona.

Nimekutumia matita mapya, haya ni mazuri, nimeyaangalia moja moja. Nimeona hewa ya huko ni ya majimaji kwa sababu ya ziwa, kwa hiyo usiyaweke yote kwenye gunia moja. Yagawe. Mengine yaning'inize kwa zile kamba, mbali na bati, maana bati likipoa linatoka jasho na kudondoka. Panya wasifike, mkojo wa panya unaharibu kila kitu. Jua likitoka, fungua mlango yapate hewa.

Baba amekubali kutupokea Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Amesema ni mara ya mwisho. Laban anasema hataki kukusumbua, atatafuta mzee wa karakana ajifanye mjomba. Mimi sitaki mjomba wa kukodi. Nataka wewe. Tumbo limekuwa kubwa, na majirani wa Awasi wana macho. Tafadhali, wifi. Niambie tu ndiyo.

Wifi yako,
Rosa


Kaloleni, Kisumu
28 Julai 1971

Rosa,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Sasa nimechoka kuchana.

Mimi si wifi yako. Laban hana dada. Mimi ni mke wake. Tulifunga ndoa kanisani kwetu Maragoli mwaka wa sitini na nne, na picha iko ukutani hapa, jirani yangu Zeituni anaweza kukuthibitishia, na mchungaji pia. Elsie alikuwa mtoto wetu, mimi na yeye. Alikufa kwa malaria akiwa ameanza kuongea. Kwa hiyo huyo si mpwa ambaye Laban anashindwa kumtaja. Ni binti yake.

Siwezi kuja Awasi kusimama mbele ya Mzee Obiero na kusema mimi ni dada. Ningeweza kukaa kimya tu, ukaenda huko na mjomba wa kukodi. Nilifikiria hivyo siku nyingi, sikufichi. Nilikuwa naona ukimya ni rahisi. Lakini ulinionya kuhusu nyasi mbovu wakati hukuwa na lazima ya kunionya.

Sikuambii umwache, sikuambii ukae naye. Hayo ni yako na wazee wako. Mtoto hana kosa, na wewe hukujua. Usinitumie nyasi tena. Nikizishika naona mikono yako, na siwezi.

Kageha


Muhoroni
11 Agosti 1971

Kageha,

Sijui nikuite nani. Rosa amechukua nguo zake amerudi Awasi. Jumamosi nilikwenda peke yangu. Mzee Obiero hakunipa hata kiti. Ndugu zake walinizunguka, wakaniuliza, "Una mke au huna?" Nikasema ninaye. Wakasema, basi mlete aseme mwenyewe kwamba amemkubali mwenzake.

Kwa hiyo nakuomba. Andika barua kwa mzee, useme unakubali awe mke wa pili. Wengi wanaishi hivyo. Watu hawatakucheka.

Usidhani nilikusudia. Nilikuja Muhoroni kutafuta kazi, si kutafuta mwanamke. Lakini fikiria na wewe. Tangu Elsie afe hujaniandikia barua hata moja isiyo na sungura ndani yake. Nikirudi nyumbani nakuta kizimba, kikapu, na wewe umeinama juu ya sungura. Hunitazami. Nilikuwa na mtoto aliyekufa pia. Nani aliniuliza mimi nala nini? Nilianza kusema ni dada yangu siku ile Rosa aliponikuta na barua yako, na baada ya hapo sikupata njia ya kurudi.

Nisaidie mara hii moja.

Laban


Kaloleni, Kisumu
19 Agosti 1971

Laban,

Ulilosema juu ya barua zangu ni kweli. Nimezikumbuka zote na sikuikuta isiyo na sungura.

Nilipokuandikia kwamba Majivu hali, mimi pia nilikuwa sili. Nilipokuandikia kwamba amejikunyata kwenye kona, hapakuwa na kona nyingine ya nyumba ambayo ningeweza kukueleza. Sikuwa na maneno ya Elsie. Nilikuwa na maneno ya sungura, nikayatumia hayo, nikidhani wewe uliyemleta utayaelewa. Nilipaswa kukuuliza na wewe unakula nini. Sikukuuliza. Hilo nalibeba.

Lakini yale matita, Laban. Niliyalilia. Niliyashika nikasema, mume wangu amerudi. Ukasoma barua ile, ukaniambia ni mzee mmoja aliyekuonyesha. Halafu nikakuuliza kwa jina la ukweli, ukanijibu hivyo ulivyonijibu. Ungenijibu kweli siku ile, sijui ningefanya nini. Pengine hata barua hiyo ya Mzee Obiero ningeiandika.

Sitaandika. Sitasema nimekubali wala sitasema nimekataa. Siku zote umetafuta mtu wa kukusemea, dada, mjomba, na sasa mke. Nenda ukajisemee.

Nguo zako nimezifua na kuzipanga ndani ya lile sanduku la kijani. Badru atalipakia kwenye treni. Picha ya Elsie nimebaki nayo. Kama unaitaka, nenda kwa mpiga picha, bado ana filamu.

Sina hasira. Ningekuwa na hasira ningepata nguvu. Nimechoka tu.

Kageha


Awasi
9 Oktoba 1971

Kwa Mama Kageha,

Sikukuandikia kwa sababu kwanza nilikuwa na aibu, na baadaye nikawa na hasira. Nitakwambia ya hasira. Uliniacha nikuite wifi. Nilikuandikia mambo ya ndani ya nyumba yangu, jinsi tulivyojuana, nikidhani naongea na dada yake, na wewe ulikuwa unaniuliza maswali ukiwa mke. Nilipoisoma ile barua yako ya Julai nilitaka ardhi inimeze. Nilisema, afadhali Laban, yeye alidanganya kwa sababu ni mwoga, lakini huyu mama alijua kila kitu akanitazama nikicheza.

Sasa hasira imepungua. Nimejiuliza, ningekuwa wewe ningejibu nini siku ile?

Laban hayuko Muhoroni. Aliandika kutoka Nakuru kwamba amepata kazi, na kwamba ataleta ng'ombe. Baba alimwambia mletaji barua, "Aje na mdomo wake." Hajaja. Mimi simngojei sana.

Mtoto amezaliwa, msichana, mwezi wa tisa. Ana nguvu. Analia kama mtu anayedai haki yake. Niko kwa baba, na mke wa kaka yangu ananihesabia vijiko vya sukari. Uji nitaanza kuuza tena shingo ya mtoto ikikaza.

Mvua za vuli zimekaribia na najua hukutaka nyasi zangu. Lakini nimemwota Majivu, hata sijawahi kumwona. Anakula nini?

Rosa


Kaloleni, Kisumu
18 Oktoba 1971

Rosa,

Una haki ya hasira yako. Sitaijibu.

Umeuliza anakula nini. Nilijaribu mwenyewe. Nilipanda hadi karibu na kilima cha Riat kwa miguu, nikakata nyasi nzuri, nikabeba kichwani, nikazianika juu ya bati la Zeituni. Mchana zilikauka. Asubuhi zikawa laini kama zimenyeshewa, kwa sababu ya upepo wa ziwani. Nikaanika tena, zikalowa tena, mpaka rangi ikaisha. Nikasema zimetosha, nikazifunga. Baada ya wiki zikawa na vumbi jeupe. Nimezitupa zote. Sasa anakula mabua ya mpunga na majani ya viazi vitamu, na amekonda. Namshika mgongo naona mifupa. Bwana Wepukhulu wa ofisi ya mifugo anasema hatafika Krismasi hivi.

Kwa hiyo naondoa neno langu. Nilikuambia usinitumie nyasi, nami sasa nakuomba. Kama kuna nyasi zilizoanza kuchanua huko Awasi, zikate kabla mvua hazijakolea. Lakini usizipakie kwenye treni. Zilete mwenyewe, unionyeshe hicho kichanja kinavyojengwa na moto unavyowekwa, maana kwa maandishi sikuelewa. Nyuma ya nyumba kuna nafasi. Ukitaka kukaa siku kadhaa mbali na vijiko vya sukari, kaa. Nina mashine, na sare za Januari zinaanza kuingia. Mtu mwenye mikono ya kusuka kamba zile hatashindwa kutia vifungo.

Mlete na mtoto. Lazima anyonye, hutamwacha.

Hapo niwe mkweli kwako tangu mwanzo, safari hii. Sijui nitakuwaje nikimwona. Pengine ana uso wa Laban. Pengine ana uso wa Elsie, na hilo naliogopa zaidi. Huenda nikashindwa kumpakata. Huenda nikatoka nje nikakaa kwa Zeituni mpaka jioni. Nikifanya hivyo usifunge mzigo wako. Jiko liko upande wa kulia ukiingia, majani ya chai yako ndani ya kopo la bluu. Chemsha chai, unywe, uniachie kikombe changu. Nitarudi.

Kageha